Rufaa Ina Mlango Wake, na Lalamiko Lina Wake



Juma hili nataka tuzungumze juu ya Tume ya Utumishi wa Mahakama. Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya majaji na wakubwa wa Dodoma na Dar es Salaam. Sisi wa huku Mpanda yanatuhusu nini? Yanatuhusu, tena sana. Nitaeleza kwa kisa cha mama mmoja ninayemfahamu.

Mama huyu ni mkulima wa mpunga katika mkoa wetu huu wa Katavi. Alimkopesha mfanyabiashara magunia 20 kwa ahadi ya kulipwa baada ya wiki mbili. Wiki zikapita, miezi ikapita, hakulipwa. Akaenda mahakama ya mwanzo. Huko akashindwa, kwa kuwa hakuwa na maandishi wala shahidi wa kutosha.

Hadi hapo, ndugu wasikilizaji, huenda hakimu alikuwa sahihi. Lakini mama alikuwa na jambo lingine moyoni. Hakimu yule, kwa kukosa nyumba ya serikali, alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya kaka yake mdaiwa. "Mwanangu," aliniambia, "mtu anayelala kwao ndiye atakayenihukumia mimi?"

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Akaelekezwa kwa diwani. Diwani hakuwepo, akamsubiri. Mwisho akaja mjini Mpanda kuchapisha barua, na hapo ndipo nilipokutana naye. Barua ilikuwa inamwomba Rais amfukuze hakimu na kumrudishia mama mpunga wake. Nikamwuliza hukumu ilitolewa lini. Tukahesabu siku. Zilikuwa 41.

Sheria inampa mtu aliyeshindwa katika mahakama ya mwanzo siku 30 za kukata rufaa katika mahakama ya wilaya. Zikipita, sharti kwanza aombe kuongezewa muda, na aeleze sababu ya kuchelewa.

Kosa la mama huyu ni la wengi wetu. Tunachanganya mambo mawili. Ikiwa huridhiki na hukumu, dawa yake ni rufaa, na rufaa hupelekwa mahakama ya juu. Ikiwa unalalamikia mwenendo wa hakimu, kwamba ameomba rushwa, amechelewesha kesi bila sababu, au ana uhusiano na mmoja wa wadaawa, hilo ni lalamiko la maadili. Kamati ya maadili haiwezi kukurudishia magunia yako, na mahakama ya rufaa si mahali pa kumwadhibu hakimu. Mtu mwenye yote mawili hana budi kubisha milango yote miwili, na ule wa rufaa asiucheleweshe.

Sasa lalamiko la maadili hupelekwa wapi? Hapa ndipo Tume inapoingia. Kwa Katiba yetu, Tume ya Utumishi wa Mahakama huongozwa na Jaji Mkuu. Wamo pia Jaji Kiongozi, Jaji mmoja wa Mahakama ya Rufani, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume hiyo. Lakini kwa mahakimu, Tume yenyewe ndiyo mwajiri na ndiyo mamlaka ya nidhamu.

Tume haiwezi kuwa na macho katika kila kijiji. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya mwaka 2011 iliweka Kamati za Maadili za mikoa na wilaya. Ya mkoa huongozwa na Mkuu wa Mkoa, na ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya. Kamati hupokea lalamiko, huchunguza, humsikiliza hakimu, kisha hupeleka maoni yake kwa Tume. Kwa mwananchi hiyo ni nafuu. Hadi mwaka 2012, kabla Katavi haijawa mkoa, mkuu wa mkoa wetu alikaa Sumbawanga, safari ya zaidi ya kilometa 200 kupita katikati ya hifadhi. Leo yupo hapa hapa Mpanda.

Lakini tuseme ukweli. Mkuu wa Wilaya ni mteule wa Rais na ni mkono wa serikali. Sheria inampa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa saa 48. Hebu tujiulize: siku hakimu akitakiwa kuamua shauri linalogusa amri ya mkuu huyo huyo, atakuwa na moyo gani, akijua kwamba mwenyekiti wa kamati ya kumchunguza ni yeye? Ibara ya 107B ya Katiba inasema mahakama zitakuwa huru. Uhuru huo ni kinga ya mwananchi kuliko ya hakimu.

Wenzetu wa Kenya, kwa Katiba yao ya mwaka 2010, waliipa Tume yao nguvu zaidi. Waombaji wa ujaji husailiwa hadharani, na wananchi husikia maswali na majibu. Hata hivyo, mwaka 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliapisha majaji 34 waliopendekezwa na Tume na kuwaacha sita. Sita hao waliapishwa mwaka 2022, alipoingia Rais William Ruto. Kwa hiyo tume nzuri peke yake haitoshi. Lazima wenye madaraka nao wakubali kufungwa na sheria.

Mimi nina mapendekezo matatu. La kwanza, kila mahakama ya mwanzo ibandike tangazo la Kiswahili chepesi: rufaa ni siku 30, na lalamiko la maadili hupelekwa mahali fulani. Katika mahakama niliyokwenda na mama huyu ukutani palikuwa na orodha ya kesi na onyo juu ya rushwa. Juu ya kamati hapakuwa na neno. La pili, mlalamikaji apewe jibu kwa maandishi, hata kama jibu lenyewe ni kwamba hakimu hana kosa. La tatu, uenyekiti wa kamati hizi upewe mtu mwadilifu asiye na madaraka ya serikali, kwa mfano hakimu mstaafu.

Na mahakimu wajengewe nyumba. Hakimu anayepanga kwa ndugu wa mdaiwa hata akihukumu kwa haki hataaminiwa. Huenda yule wa mama yetu hakupokea hata senti moja. Lakini hadi leo hakuna aliyekaa kumwuliza, na hakuna aliyemjibu mama.

Mama sasa ameomba kuongezewa muda wa rufaa. Barua ya pili, juu ya chumba kile, tumeipeleka kwa Mkuu wa Wilaya. Safari hii hatukuomba mpunga.