Mikono na Magoti Kwanza

Neno letu la leo latoka katika Waraka kwa Waebrania, mlango wa 12, mstari wa 12 na wa 13. Hapo mwandishi awahimiza waumini waliochoka wainue mikono yao iliyolegea, watie nguvu magoti yaliyodhoofika, kisha waitengenezee miguu yao njia iliyonyoka, ili kilicho kiwete kipone, kisizidi kuteguka.

Leo twasema na ndugu aliyeumia mguu. Hapa Mukuru kwa Reuben watu wa namna hiyo hawakosekani. Vichochoro vyetu ni vyembamba, mvua ikinyesha matope huwa mengi, na mtaro twauvuka kwa ubao au jiwe. Mtu huteleza mara moja tu, kifundo kikateguka au mfupa ukavunjika. Tena wengi wetu ni vibarua. Alfajiri twatembea mpaka Eneo la Viwanda, twasimama langoni tukingoja kuitwa. Asiyefika hapati ujira wa siku ile. Kwa hiyo mguu ukiumia, unga, kodi ya nyumba na karo ya watoto vimeumia pamoja nao.

Ndipo majaribu mawili humjia mgonjwa. La kwanza humwambia, "Jikaze, kesho rudi kazini." Akienda kabla ya wakati, jeraha dogo huwa kubwa. La pili humwambia, "Wewe umekwisha, lala." Naye hulala juma baada ya juma, hata siku ya kufunguliwa plasta aona mguu umekonda, mikono haina nguvu, na pumzi yamwishia mlangoni. Ulioumia ni mguu, lakini mwili mzima umelegea.

Basi tuangalie utaratibu wa Maandiko. Mikono yatangulia, magoti yafuata, ndipo miguu. Kiungo kizima kisikae bure kikingoja kilicho kigonjwa. Hata waganga wa mifupa hufundisha vivyo hivyo. Misuli isiyotumika hupungua katika muda wa majuma machache, na mguu usiochezeshwa waweza kugandisha damu ndani yake.

Kwa hiyo, daktari akiisha kukuona na kukuruhusu, keti kwenye kiti imara. Jaza maji mtungi wa lita 5, ambao uzito wake ni kama kilo 5. Uinue mara 10 kwa mkono mmoja, kisha mara 10 kwa mkono wa pili. Lala chali, nyosha mguu mzima, uinue polepole, hesabu mpaka 5, kisha uushushe. Chezesha vidole vya mguu ulioumia, lakini usiukanyage mpaka uambiwe, kwa maana mfupa huchukua kwa kawaida majuma 6 au zaidi kuunga. Shavu la mguu likivimba na kuwa na moto na maumivu, au pumzi ikikata ghafula, usingoje maombi ya jioni. Nenda hospitali mara moja, nasi tutaomba nawe huko huko. Na mwenye kisukari asipuuze kidonda cha mguu, hata kisipouma.

Twamkumbuka Julius Yego, mtupa mkuki wetu. Mkono wake ulimpa ubingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015, kwa mita 92.72. Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya Rio, alitupa mita 88.24, kisha akaumia kifundo cha mguu asiweze kuendelea. Mkono ulikuwa mzima, lakini mkono hautupi peke yake. Alitoka uwanjani na nishani ya fedha. Baadaye alirudi, na mwaka 2024 alitupa tena katika fainali ya Olimpiki mjini Paris. Kusimama kwa wakati wake si kushindwa.

Lakini, wapenzi, neno hili halikuandikiwa mgonjwa peke yake. Mwandishi anena na kusanyiko zima. Mtu mwenye magongo mawili mkononi hawezi kubeba mtungi wa maji, wala kujiwekea ubao juu ya mtaro. Ni nani basi atakayemtengenezea njia? Jirani, mchotee maji. Vijana wa kanisa, mwagieni kokoto mbele ya mlango wake. Akina mama, pelekeni unga kabla hajaomba. Nawe msimamizi wa kazi unayetusikia, mtunzie kibarua wako nafasi yake, asilazimike kuja akichechemea kwa kuogopa kuipoteza. Paulo awakumbusha Wakorintho ya kwamba kiungo kimoja kikiumia, viungo vyote huumia pamoja nacho. Tukimwachia mgonjwa mzigo wote, twamsukuma sisi wenyewe arudi njiani kabla hajapona.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyewainua viwete, uwatazame walio vitandani leo kwa ajili ya miguu yao. Uwape saburi ya kungoja na bidii ya kutumia kilichosalia kizima. Nasi tulio na miguu mizima, utufanye kuwa wepesi wa kuwaendea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.