Hodi katika Milango ya Mawakili



Nimetakiwa na Halmashauri niseme machache juu ya vijana wetu wasomao sheria Uingereza, na wale wanaokusudia kwenda huko. Mimi si wakili. Elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi. Lakini wazazi hunijia kutaka shauri kabla ya kuuza kiwanja kwa ajili ya karo, nami imenipasa kuwauliza wajuao, nisije nikashauri kwa kubahatisha. Hayo niliyoyapata ndiyo ninayowaletea.

Hapa kwetu Uganda wakili yule yule humpokea mteja ofisini na kumsemea mahakamani. Katika Uingereza kazi hiyo kwa desturi imegawanyika. Yuko wakili wa ofisini, na yuko wakili wa mahakamani, avaaye joho na wigi. Huyu wa pili sharti awe mwanachama wa mojawapo ya nyumba nne za kale zilizoko London, nazo ni Lincoln's Inn, Inner Temple, Middle Temple na Gray's Inn. Akiisha kufaulu masomo, bado hana ruhusa kamili ya kufanya kazi hiyo mpaka atimize uanagenzi, ambao kwa kawaida ni wa miezi 12, chini ya wakili mzoefu. Nafasi za uanagenzi huo kila mwaka ni mamia tu, na waombao ni maelfu. Hapo ndipo wengi hukwama, na mali ya jamaa imekwisha kutumika.

Basi iko njia ya kuionja kazi kabla ya kuitolea mali yote, nayo ni uanagenzi mdogo. Ni siku chache, aghalabu baina ya moja na tano. Kijana hukaa katika ofisi ya mawakili, husoma majalada, humfuata wakili mahakamani, na akiruhusiwa husikiliza mashauriano na wateja. Kwa kawaida halipwi mshahara, ingawa baadhi ya ofisi humrudishia nauli. Faida yake ni mbili. Ataijua kazi ilivyo, si kama ionekanavyo katika sinema. Na siku atakapoomba uanagenzi wenyewe, atakuwa na neno la kusema. Tena ziko ofisi zinazompima mwombaji katika siku hizo hizo.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa, "Nafasi hizo ni za watoto wa wakubwa." Sikatai kwamba kujuana kumewafaa wengi. Lakini leo ofisi nyingi hutangaza katika tovuti zao siku ya kufungua na siku ya kufunga maombi, na kila mwanafunzi aweza kuomba. Inner Temple inao mpango uitwao PASS, uliowekwa kwa ajili ya wanafunzi ambao watu wa namna yao ni wachache katika kazi hii. Huwatafutia nafasi na kuwasaidia gharama za safari. Kijana wetu asipoomba, hatuwezi kusema amekataliwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Muhammad Ali Jinnah aliingia Lincoln's Inn mwaka 1893 na akapata uwakili mwaka 1896. Aliporudi Bombay alipitisha miaka kama mitatu bila kesi za maana. Mambo yalianza kumfungukia pale John Molesworth MacPherson, aliyekuwa akikaimu cheo cha Mwanasheria Mkuu wa Bombay, alipomkaribisha afanye kazi katika ofisi yake. Cheti alikuwa nacho siku zote hizo. Alichokikosa ni mahali pa kukaa na kuona.

Sasa nawaambia vijana namna ya kuomba. Anzeni miezi kadhaa mbele. Chagueni ofisi kwa kazi yake: iko ya jinai, iko ya ndoa na watoto, iko ya uhamiaji, iko ya biashara na meli. Msipeleke barua moja kwa ofisi ishirini, kwani msomaji huijua mara moja. Barua iwe fupi, na iseme kwa nini ofisi ile na si nyingine. Msidharau mliyoyafanya: aliyeuza katika duka la baba yake amejifunza kuzungumza na watu, na aliyemtafsiria bibi yake hospitalini amekwisha kusema kwa niaba ya mwingine. Msiongeze uongo hata chembe. Mpeni mtu mwingine aisome barua kabla ya kuipeleka, maana kosa la jina la ofisi hutosha kuitupa. Na mwenye viza ya mwanafunzi asome masharti yake kwanza.

Mkikubaliwa, fikeni mapema, zimeni simu, andikeni mnayoyaona. Siri ya mteja ni amana. Haisimuliwi hata nyumbani. Na mkinyimwa, milango ya mahakama iko wazi: kesi nyingi husikilizwa hadharani, na mtu huingia akaketi kusikiliza pasipo malipo.

Wazee wangu, baadhi yenu huchelea kwamba kazi hii ni kutetea uongo. Wakili wa Uingereza amekatazwa kuidanganya mahakama, hata kwa kumfaa mteja wake. Wengine huchelea kwa ajili ya binti zao. Mwaka 2020 bibi Raffia Arshad, wakili Mwislamu avaaye hijabu, aliteuliwa kuwa naibu hakimu wa wilaya huko huko Uingereza. Basi msimzuie binti kwa jambo ambalo wenye mahakama wenyewe hawakumzuilia.

Ombi langu la mwisho ni kwa Jumuiya. Tunao miongoni mwetu mawakili na walimu. Watengewe jioni moja kila mwezi hapa ukumbini, wazisome barua za vijana na kuzisahihisha, na wale walioko ng'ambo wazilete kwa simu. Kazi hiyo haihitaji mchango wa fedha. Mimi nitakuja kufungua mlango na kuwasha taa.

Wassalaam alaykum.