Mguu Usiouma: Utunzaji wa Nyayo na Vifundo vya Miguu Uzeeni

Mwaka 2005, Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Watu husema panya huuma huku akipuliza. Kwa mgonjwa ambaye kisukari kimeshaharibu mishipa ya fahamu ya nyayo, panya hana haja ya kupuliza: mtu hulala usingizi wake, asubuhi akakuta kidole kimetafunwa.

Ndiyo maana mada hii haianzii kwenye maumivu. Mzee anayelalamikia kisigino atapelekwa hospitali. Anayesema hana tatizo, ila ganzi kidogo tu, ndiye wa kuchunguzwa kwanza.

Kuanzia kifundo kwenda chini, mguu una mifupa 26, iliyofungwa pamoja kwa kano. Umri ukisonga, kano hulegea na mguu hutanuka. Kiatu kilichomtosha mtu zamani huanza kumbana bila yeye kuelewa sababu. Mafuta yanayokinga wayo hupungua. Ngozi hukauka, magaga hupasuka, na vijidudu hupata pa kuingilia.

Uangalizi wa kila siku hauhitaji fedha. Mzee Mwislamu tayari huosha miguu hadi vifundoni anapotia udhu, akipitisha vidole vya mkono katikati ya vidole vya mguu. Kinachosahaulika ni kitambaa kikavu, na unyevu ukibaki hapo fangasi hushamiri. Mafuta yapakwe visiginoni, si katikati ya vidole. Kucha zikatwe kwa kunyoosha, pembe zisichimbwe. Sugu isikatwe kwa wembe kabisa. Macho yakiwa hafifu, mjukuu ainue mguu wa babu mwangani na kutazama wayo wote. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko, kwa sababu mguu wenye ganzi unaweza kuungua ukiwa ndani ya beseni, au kando ya jiko la mkaa, mwenyewe akiendelea na mazungumzo.

Viatu vinunuliwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na kila asubuhi vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Kandambili hazimfai mwenye ganzi: mkanda humchubua, na zikimvuka njiani huenda asijue. Mtumba uliokwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine nao utazamwe kwa makini.

Kifundo kikikakamaa, dalili huonekana mapema kwenye choo cha kuchuchumaa: mzee anashuka kwa shida, anashika ukuta. Kusimama kwa ncha za vidole na kushuka taratibu, huku ameshika meza nzito, humsaidia kuimarisha misuli ya nyuma ya mguu na kumpunguzia hatari ya kuanguka.

Katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, mradi wa Hatua kwa Hatua ulifundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania na India kuhudumia miguu ya wagonjwa wa kisukari. Kipimo muhimu cha ganzi ni uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10; asiyeusikia wayoni yumo hatarini.

Pendekezo ni hili: kliniki inapompima mzee presha, avue viatu na soksi pia, muuguzi atazame. Lengelenge, kidonda, kidole kilichobadilika rangi kuwa cheusi, au mguu mmoja uliovimba na kuwa wa moto kuliko mwenzake, vipewe rufaa siku hiyohiyo, hata mgonjwa akisisitiza kwamba hasikii maumivu.