Shamba Lililovuka Mpaka: Maisha na Mali katika Vijiji vya Burera

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya maofisa wa ardhi wa wilaya za mpakani, Kigali



Waandaaji wameamua kwamba tuzungumze kwa Kiswahili, lugha rasmi ya nchi yetu tangu 2017. Suala nililopewa linawahusu pia majirani zetu, na ni vema tuliseme katika lugha ambayo nao wanaisikia.

Mada inanitaka nianze na maana ya maneno. Ardhi, mali isiyohamishika, mpaka wa nchi, umudugudu (kijiji): haya kila aliyemo ukumbini anayafahamu, na baadhi yamefafanuliwa katika sheria ya ardhi ya 2021. Historia ya usajili nayo tunaijua. Sheria ya 2005 ilifungua njia, usajili wa nchi nzima ukafuata, na kufikia 2013 tulikuwa na vipande zaidi ya milioni 10 katika daftari, kila kimoja na namba yake ya utambulisho, UPI. Mke na mume wa ndoa halali waliandikwa pamoja. Tangu 2023 hati ni ya kielektroniki. Ni kazi kubwa, na wengi walioifanya wamo humu ndani. Sina la kuongeza hapo.

Naomba muda uliobaki niutumie kwa jambo moja ambalo nimelipigania kwa miaka mingi, nalo ni shamba lililo ng'ambo ya mpaka.

Wakati wa usajili nilikuwa nikisimamia vijana wapimaji huko Burera, wilaya inayopakana na Uganda. Tulifanya kazi kwa picha za angani zilizochapwa kwenye karatasi kubwa. Mwenye shamba husimama kwenye kona ya shamba lake, majirani zake wakiwepo, na kijana huchora mstari wa kalamu juu ya picha, akifuata wigo wa minyaa, yaani imiyenzi, au mfereji, au tuta. Siku moja tulifika kwenye kilima cha mwisho. Mzee mmoja alituonyesha vipande vyake viwili, tukavichora. Kisha akanyoosha fimbo kuelekea bondeni, ng'ambo ya jiwe la mpaka: "Na lile?" Kwenye picha lilionekana vizuri kabisa, hata matuta ya viazi yalihesabika. Kalamu yetu ilikuwa imefika mwisho. Nilimjibu kwamba lile haliko Rwanda. Akaniambia, "Najua haliko Rwanda. Nauliza kama ni langu."

Sikuwa na jibu. Leo pia sina jibu lililoandikwa mahali popote.

Mpaka wetu na Uganda una urefu wa kilomita 172 hivi. Sehemu yake ya volkano iliamuliwa Brussels mwaka 1910, na Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji. Eneo la Bufumbira likabaki upande wa Uganda wa mlima Muhavura, sisi upande mwingine, na koo zikabaki pande zote mbili. Watu waliendelea kuoana, kurithishana, kukodishana mashamba msimu kwa msimu na kuuziana. Mtu wa Cyanika au Butaro anaweza kulala Rwanda, kulima Uganda, na kurudi jioni na mzigo wa maharage kichwani bila kuona kwamba amefanya jambo la ajabu. Wala hatuko peke yetu duniani. Katika kisiwa cha Sebatik, kilichogawanywa na Waingereza na Waholanzi mwaka 1891, kuna kijiji cha Aji Kuning ambako nyumba moja ina sebule Indonesia na jiko Malaysia. Huko angalau watu huja kuipiga picha. Mashamba yetu hayapigwi picha na mtu.

Sasa sheria inasemaje? Katiba ya Uganda ya 1995, kifungu cha 237, inaikabidhi ardhi kwa raia wa Uganda. Asiye raia anaweza kukodisha tu, na muda wake hauzidi miaka 99. Kwa robo eka ya viazi, nani atakwenda kutafuta mkataba wa namna hiyo? Anachokuwa nacho mkulima ni karatasi ya mkono, mashahidi wawili na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji la Uganda. Mara nyingi hata jina lililoandikwa si lake, ni la ndugu aliye raia wa kule. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, imeruhusu watu, bidhaa na mitaji kuvuka, lakini kifungu chake cha 15 kimeiacha ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Naheshimu uamuzi huo. Nchi zina sababu zake za kulinda ardhi. Ila madhara yake yanaangukia kwa watu wasiokuwa na wakili.

Mwaka 2019 mpaka ulifungwa. Sijaja hapa kujadili sababu, hilo lina wenyewe. Kituo cha mpakani cha Gatuna kilifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, na katikati kulikuwa na korona. Kwa karibu miaka mitatu watu walisimama juu ya kilima upande huu wakautazama mtama wao ukiiva upande ule. Waliojaribu kuvuka usiku kwenda kuvuna walijikuta wakidhaniwa kuwa abarembetsi, wabeba kanyanga, pombe haramu. Siutetei ulanguzi hata kidogo. Lakini gunia la mtama uliolimwa na mtu mwenyewe haliwezi kuhesabiwa sawa na jerikeni la kanyanga, na askari aliyeko gizani hana karatasi yoyote ya kumsaidia kutofautisha.

Mpaka ulipofunguliwa ndipo nilipoelewa ukubwa wa tatizo. Mama mmoja ninayemfahamu alifiwa na mumewe katika kipindi kile. Aliporudi shambani alikuta limelimwa na vijana wa ndugu wa mumewe. Hawakumtukana. Walimwambia, "Mama mkubwa, tunakuheshimu, lakini karatasi ina jina la baba yetu." Hati yake ya upande huu ina jina lake na la marehemu, kama sheria yetu inavyotaka; shamba la ng'ambo, lililokuwa likilipa karo ya watoto, halina jina lake popote. Alikwenda kwa abunzi, wapatanishi wa kijijini. Walimsikiliza kwa huruma, wakamweleza kwamba madaraka yao yanaishia kwenye jiwe la mpaka. Kwa mwenyekiti wa kule aliambiwa yeye ni mgeni. Mimi nimeandika taarifa kuhusu mashauri ya namna hii mara nyingi, na nimejibiwa kwa adabu kila mara kwamba suala ni la kidiplomasia.

Mapendekezo yangu ni haya, na baadhi mmeyasikia kwangu kabla.

Kwanza, kila umurenge (sekta) wa mpakani ufungue daftari la mashamba ya ng'ambo. Daftari hilo halitampa mtu umiliki katika nchi nyingine. Litaandika tu kwamba fulani na mkewe wamesema wanalima mahali fulani, tangu mwaka fulani, mbele ya mashahidi fulani. Pili, mke aandikwe. Tatu, karatasi ya mkono inakiliwe na kuhifadhiwa ofisini, maana panya na mvua vimeshakula nyingi. Nne, wilaya za Burera, Gicumbi na Nyagatare ziwe na kikao cha kudumu na wilaya za Uganda zinazopakana nazo, Kisoro na Kabale zikiwemo, ambapo abunzi na wenyeviti wa LC1 wakae meza moja kusikiliza mashauri ya mashamba. Tano, mkulima aliyeandikwa daftarini apewe kibali cha msimu cha kuvuka kwenda kupanda na kuvuna. Sita, iwapo mpaka utafungwa tena, na tunaomba usifungwe, ziachwe siku za mavuno zinazosimamiwa na vyombo vya usalama vya pande zote. Saba, wanaotumia jina la ndugu waelezwe hatari yake mapema, ndugu yule akiwa hai. Nane, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikitazame tena kifungu cha 15, angalau kwa mashamba madogo ya familia yaliyo jirani na mpaka. Na narudia la pili, kwa sababu ndilo linalosahaulika: mke aandikwe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, daftari halihitaji mkataba wa nchi mbili. Linahitaji kitabu, kalamu na agizo la wilaya. Msimu wa kupanda unaanza Septemba. Naomba maofisa wa Burera, Gicumbi na Nyagatare waliomo ukumbini walifungue kabla ya hapo.