Upepo wa Breki Kwanza



Tangu makazi ya Mishamo yalipofunguliwa mwaka 1978, sisi na mazao yetu tumekuwa tukifika Mpanda kwa barabara. Kwa hiyo nitasema machache juu ya magari yenye springi za upepo, na jinsi fundi anavyochagua vali na mabomba yake.

Wanafunzi wa fizikia, pigeni hesabu. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 12 lina eneo la tundu mara 4 ya lile la milimita 6, wala si mara 2. Lakini mahali pembamba kuliko pote ndipo panapoamua. Kuweka bomba nene na kuacha vali yenye tundu dogo ni kazi bure.

Tena, ukubwa si sifa siku zote. Vali inayosawazisha kimo cha gari hufanywa iwe taratibu kwa makusudi. Ikiwa nyepesi mno, kila shimo la barabara litaingiza upepo na kuumwaga, na kompresa haitapumzika.

La mwisho linahusu roho za watu. Springi na breki hutumia upepo wa kompresa moja. Lazima kati yao iwepo vali ya kinga, inayojifunga upepo ukipungua. Mfuko wa springi ukipasuka mteremkoni, abiria watarushwarushwa, lakini breki zitashika. Anayeiacha vali hiyo ili abane matumizi, amebana pasipobanwa.

Wanafunzi, mtakapokuwa mafundi, anzeni na vali, bomba lifuate.