Mashujaa Wetu wa Michezo Tusiwangoje Mpaka Tuwazike

(Maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wetu wa jimbo. Wengi mliomba yaandikwe, nami nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Nimepewa mada ya kuwaenzi wanamichezo wa Zanzibar. Kuna mwenzetu ameninong'oneza hapa, "Kaka, na haya nayo ni siasa?" Ni siasa bwana, tena siasa yenyewe hasa. Tizameni.

Mwezi wa Machi 2017, kule Addis Ababa, CAF ilitupokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, wa 55. Watu walishangilia barazani kama siku ya Idi. Haikufika hata miezi mitano, Julai ya mwaka ule ule, uanachama ukafutwa. Rais mpya wa CAF, Ahmad Ahmad, akasema hatukustahiki kuingizwa tangu mwanzo, kwa sababu sisi si nchi. Sasa fungueni Katiba ya Muungano, ile orodha ya mambo ya Muungano. Michezo mtaitafuta muichoke, haimo. Hapa nyumbani michezo ni mambo yetu wenyewe, ukivuka mlango wa FIFA unaambiwa huna jina. Hilo ndilo walilolibeba mabegani wachezaji wetu miaka yote.

Na walivyolibeba! Desemba ya mwaka huo huo, bado jeraha bichi, Zanzibar Heroes wakaenda Kenya kwenye kombe la CECAFA. Kocha Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco. Wakawafunga ndugu zetu wa Bara 2-1. Nusu fainali wakaitoa Uganda, bingwa mtetezi, 2-1. Fainali Machakos na wenyeji Kenya, tukafungwa tukarudisha, tukafungwa tena tukarudisha tena, 2-2, mpaka penalti zikatunyima. Timu iliyoambiwa haina nchi, jamani. Huyo Morocco baadaye akakabidhiwa Taifa Stars na akaipeleka AFCON ya 2025. (Kwenye CHAN iliyochezwa 2025 akatolewa robo fainali na nani? Na Morocco. Wallahi mpira una maskhara.)

Lakini vijana wengi mnaanza hesabu 2017. Kombe la CECAFA lenyewe tulishalichukua, mwaka 1995, huko huko Uganda. Wale waliolileta ni watu wazima sasa. Niambieni, nani humu anaweza kunitajia wachezaji watano wa kikosi kile? Naona wazee tu ndio wanaonyanyua mikono. Mwaka 2006 tukaenda Hamburg kwenye kombe la timu zisizokuwamo FIFA, tukafika fainali, Northern Cyprus wakatushinda kwa penalti. Penalti na sisi, sijui tumekoseana nini.

Nadir Haroub, Cannavaro, alikuwa nahodha wa Yanga na wa Taifa Stars. Abdi Kassim Babi ndiye aliyefunga bao la kwanza Uwanja mpya wa Taifa, 2007, dhidi ya Uganda. Leo Feisal Salum akipiga shuti, Dar nzima inasema Fei Toto wetu. Sawa, ni wao pia, sina ugomvi. Ila akitajwa na alikotoka patajwe.

Hapa nataka niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Ibrahim Bacca ametoka KMKM. Timu kubwa za hapa ni za vikosi: KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, KVZ. Najua jina la vikosi linawakera wengi wenu, na kila ukikaribia uchaguzi najua kwa nini. Nimeshasikia kijana wetu akisema, "Mimi simpigii makofi mtu wa kikosi." Hapana. Kijana wa Kizanzibari mwenye kipaji atacheza wapi pengine, ikiwa timu za mitaa hazina hata mipira? Ukimkataa kwa sababu ya jezi, unafanya lile lile tunalolilalamikia sisi, mtu kunyimwa haki yake kwa rangi aliyovaa. Bacca ni wetu. Tumpigie makofi, halafu tudai ligi za Central zipewe viwanja na vifaa ili anayekuja nyuma yake apate pa kuchagua.

Na si wanaume peke yao. Mwaka 2007 ilitoka filamu, Zanzibar Soccer Queens, ya Florence Ayisi, juu ya timu ya Women Fighters. Wale dada walicheza wakati mtaa mzima unawasema, na walimu wao wakiwemo akina Nassra Juma. Dunia imewaona kwenye sinema, sisi tunapishana nao sokoni hatuwajui. Tusimsahau pia Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyekuja hapa miaka ya themanini akawafundisha vijana wetu judo. Kuenzi si kwa mzawa tu.

Januari 2025, Gombani ilipofurika na Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kuchukua Kombe la Mapinduzi, viongozi walijaa uwanjani, na picha zikapigwa. Sawasawa, hiyo ni furaha. Lakini picha hailipi dawa za goti la mchezaji aliyestaafu. Tunataka mfuko wa wanamichezo wastaafu uwekwe kwenye sheria, usiwe zawadi ya mkubwa siku akifurahi.

Sisi tusisubiri serikali. Kila tawi lichague vijana wawili, wapite shehia kwa shehia. Mchezaji, mwamuzi, kocha, fundi wa baiskeli za mashindano, nahodha wa resi za ngalawa, yeyote. Jina, timu, miaka aliyocheza, picha akiwa nayo. Msimuulize kadi ya chama. Madaftari yapo kwa katibu, chukueni kabla hamjatoka.