KUUSOMA MJI WA KYOTO KWA BAISKELI

(Mazungumzo kwa vikundi vya wahitimu wa kisomo)



Leo tunazungumza juu ya mji mmoja wa mbali, na juu ya chombo ambacho sote tunakifahamu. Mji ni Kyoto, nchini Japani. Chombo ni baiskeli. Sisi maofisa watatu wa elimu ya watu wazima tulifika huko kwa mafunzo. Siku yetu moja ya mapumziko tulikodi baiskeli, tukauzunguka mji toka asubuhi mpaka jioni. Wengi wenu mmetuuliza, "Mliona nini huko?" Basi tuyaseme.

Kwanza tuufahamu mji wenyewe. Kyoto ulikuwa makao ya mfalme wa Japani tangu mwaka 794 mpaka 1869, yaani zaidi ya miaka elfu moja. Leo una watu zaidi ya milioni moja na laki nne. Mwaka 1994 UNESCO iliandika katika orodha ya urithi wa dunia mahali 17 pa kale katika Kyoto na miji jirani ya Uji na Otsu. Kwa hiyo wageni wanafika wengi mno. Mabasi ya mji hujaa hata wenyeji wakakosa nafasi. Mwaka 2023 mji uliacha kuuza tikiti ya basi ya siku nzima kwa sababu ya msongamano huo. Mgeni anayekwenda kwa baiskeli anamwachia bibi kizee wa Kyoto kiti chake ndani ya basi. Hiyo ilikuwa sababu yetu ya kwanza ya kukodi.

KUKODI NA KUENDESHA

Huku kwetu fundi anayekukodisha baiskeli anakujua wewe, anamjua na baba yako. Kule hakuna anayekujua. Unaonyesha pasipoti, unajaza fomu: jina, mahali ulikofikia, namba ya simu. Kisha unapewa ufunguo mdogo wa kufuli lililofungwa kwenye gurudumu la nyuma. Mbele pana kapu, taa na kengele. Ziko pia baiskeli zenye betri ya kumsaidia mtu kupanda mlima, lakini bei yake iko juu. Sisi tulichukua zile za nguvu ya miguu.

Upande wa kuendesha ni kushoto, kama huku. Kupakiana watu wazima wawili ni marufuku. Kuendesha gizani bila taa ni kosa. Kuendesha umelewa ni kosa kubwa. Tangu Novemba 2024 sheria imezidi kuwa kali kwa mtu anayeshika simu huku anaendesha. Tena katikati ya mji ipo mitaa ambayo mchana hairuhusiwi kuendesha, unashuka, unaisukuma. Na usiiache ovyo barabarani. Baiskeli iliyoachwa mahali pasiporuhusiwa hubebwa na watu wa mji, na mwenyewe hulipa ndipo arudishiwe.

SISI TUSIOJUA KUSOMA

Sasa sikilizeni jambo hili. Sisi ni walimu. Tumezoea kusimama mbele ya ubao na kuwaambia wengine, "Hii ni a, hii ni e." Lakini katika njia panda ya kwanza tulitazama kibao chekundu chenye pembe tatu, ncha yake chini, kina maandishi meupe ya Kijapani. Hatukuweza kusoma hata herufi moja. Gari lingetoka pembeni, nani angetuambia?

Tukasimama, tukamngoja mwenyeji. Mama mmoja akaja na baiskeli yake, mtoto nyuma katika kiti maalumu. Akafika kwenye kibao, akafunga breki, akaweka mguu chini, akatazama kulia na kushoto, akaenda zake. Tukafahamu. Neno lile ni "tomare", maana yake "simama". Hilo lilikuwa somo letu la kwanza, na mpaka leo hatujalisahau.

Ndugu zetu, tulikumbuka wengi wenu mlivyotueleza: kusimama hospitali mbele ya milango minne yenye maandishi, usijue upi ni wa daktari. Kumbe kutojua kusoma si ujinga wa akili. Akili ipo, macho yapo, ila ufunguo haujafika mkononi.

MJI KAMA DAFTARI LA HESABU

Tulipokosa kusoma maandishi, tuliusoma mji wenyewe. Kyoto ulipimwa tangu mwanzo kwa mitaa iliyonyooka, kaskazini kwenda kusini, mashariki kwenda magharibi, kama daftari la hesabu lenye miraba. Milima imeuzunguka pande tatu: kaskazini, mashariki na magharibi. Ardhi inateremka polepole kuelekea kusini. Kwa hiyo mtu wa Kyoto akikuelekeza njia anasema "panda" akiwa na maana ya kaskazini, na "shuka" akiwa na maana ya kusini. Hata katika kuandika anwani wanatumia maneno hayo.

Aliye ndani ya basi hawezi kuutambua mteremko huo. Mwenye baiskeli anautambua kwa magoti yake. Ukiona unatokwa jasho, unakwenda kaskazini. Ukiona pedeli zimekuwa nyepesi, unakwenda kusini. Majina ya mitaa nayo ni mengi, lakini watoto wameyapangia wimbo ili wayakariri. Je, si ndivyo nasi tulivyojifunza irabu zetu, kwa kuimba?

KAMBA ZA NYWELE

Tulianzia kituo cha treni, tukapanda kaskazini. Baada ya dakika chache tu tulifika kwenye hekalu kubwa la dini ya Budha liitwalo Higashi Hongan-ji. Lote ni la mbao, na ukubwa wake unashangaza. Liliungua mwaka 1864, na ukumbi wake mkuu ukamalizika kujengwa upya mwaka 1895.

Wakati wa ujenzi magogo yalikuwa mazito, na kamba za kawaida zilikuwa zikikatika. Basi wanawake waumini wa mikoa mbalimbali wakakata nywele zao, zikasokotwa pamoja na nyuzi nyingine, zikawa kamba. Zilitolewa kamba 53. Kipande cha kamba moja kimewekwa pale ili watu wakione. Ni nene, nyeusi, inaonyesha hapa na pale mvi za wazee. Tulisimama mbele yake kimya. Mtu asiye na fedha alitoa alichokuwa nacho kichwani.

KUFUNGUA SHULE WAKATI WA DHIKI

Toka hapo tulikwenda ngome ya Nijo, upande wa kaskazini-magharibi. Ilijengwa mwaka 1603 na mtawala wa kijeshi Tokugawa Ieyasu. Sakafu ya baraza yake hulia kama ndege ukikanyaga. Katika ngome hiyo, mwaka 1867, mtawala wa mwisho wa ukoo wa Tokugawa alitangaza kwamba anarudisha madaraka kwa mfalme.

Mngedhani Kyoto ulifaidika kwa hilo. Sivyo. Mwaka 1869 mfalme alihamia Tokyo, na wakubwa wakamfuata. Wafanyabiashara waliokuwa wakiwauzia nguo na vyakula wakakosa wateja. Karibu theluthi moja ya watu wa mji ikapotea. Wengi walisema Kyoto umekwisha.

Je, wenyeji walifanya nini? Hili ndilo jambo tunalotaka mlishike. Mwaka huohuo wa 1869, mwaka wa dhiki, walifungua shule za msingi 64. Karibu kila kata ilijenga yake. Serikali ya mkoa ilisaidia, lakini mzigo mkubwa waliubeba wananchi. Walichanga kwa kila nyumba yenye jiko, na mchango ule ukaitwa "fedha ya jiko". Wenye mali walitoa zaidi. Serikali kuu ya Japani ilitangaza mpango wa shule kwa nchi nzima mwaka 1872, miaka mitatu baadaye. Watu wa Kyoto hawakungoja.

Tena shule hizo hazikuwa za watoto tu. Palikuwa na ofisi ya kata, mahali pa mikutano ya watu wazima, na mahali pa kuchanjia ndui. Palikuwa na mnara wa kuangalia moto, wenye ngoma ya kutangaza saa. Shule ilikuwa moyo wa kata.

Tulikwenda kuitazama shule moja ya zamani iitwayo Tatsuike. Ilifungwa mwaka 1995, kwa sababu watoto katikati ya mji wamekuwa wachache. Tangu 2006 jengo lake ni makumbusho ya vitabu vya hadithi za picha. Vijana wanakaa juu ya majani uwanjani, wanasoma. Vyumba vya madarasa vipo, na ngazi za mbao zingali zikilia.

Shule nyingine iliyokuwa ya kata, Rissei, tangu 2020 ni sehemu ya hoteli. Jengo la shule halikubomolewa, na ndani imewekwa maktaba na ukumbi wa wenyeji wa kata. Tulijiuliza sana pale. Shule iliyoanzishwa kwa michango ya kata sasa inalaza wageni kama sisi. Je, ni sawa? Sisi tunaona hivi: afadhali jengo lifanye kazi kuliko lianguke. Lakini mwenye haki ya kwanza ya kusema lifanye kazi gani ni yule ambaye bibi yake alitoa mchango. Ukumbi ule na maktaba ile si fadhila ya hoteli. Ni deni.

MAJI YANAYOKWENDA KASKAZINI

Mchana tulielekea mashariki, tukavuka mto Kamo, tukaanza kupanda. Huko tuliona kazi ya pili ya mji ule.

Ng'ambo ya milima liko ziwa kubwa liitwalo Biwa. Gavana Kitagaki Kunimichi alitaka maji yake yaletwe Kyoto yaendeshe viwanda na kubeba mizigo. Kazi ya ufundi alipewa kijana Tanabe Sakuro, aliyekuwa ametoka chuoni, na aliyeandika juu ya mfereji huohuo katika masomo yake. Walianza mwaka 1885, wakamaliza 1890. Walitoboa mlima kwa nguvu za mikono na baruti. Handaki moja lina urefu wa mita 2,436. Mwaka 1891 maji yale yakaanza kufua umeme mahali paitwapo Keage. Mwaka 1895 umeme huo ukaendesha tramu ya kwanza ya umeme nchini Japani. Hata leo maji ya kunywa ya Kyoto hutoka ziwa hilo kwa mfereji.

Lakini tusiwape ninyi utamu peke yake. Sehemu ya gharama ilitokana na kodi waliyotozwa wenyeji, na wengi walinung'unika. Tena watu 17 walikufa katika kazi ile. Tanabe mwenyewe aliwawekea jiwe la ukumbusho kwa fedha yake mwaka 1902. Liko Keage. Wageni wengi hulipita, kwa kuwa basi halisimami mbele ya jiwe. Baiskeli husimama popote unapotia mguu chini.

Toka hapo tulifuata tawi la mfereji. Linapita juu ya daraja la matofali mekundu ndani ya hekalu la Nanzen-ji, kisha linaandamana na kijia chembamba chenye miti ya maua. Wanakiita Njia ya Mwanafalsafa, kwa sababu mwalimu Nishida Kitaro wa chuo kikuu alikuwa akitembea huko huku anafikiri. Tulizisukuma baiskeli zetu, maana njia ni ya waendao kwa miguu.

Mmoja wetu akasema, "Jamani, tazameni maji haya!" Tukatazama. Yalikuwa yanakwenda kaskazini. Asubuhi nzima miguu ilituambia kaskazini ni kupanda, na mto Kamo unashuka kusini. Sasa maji yanapandaje? Kumbe mafundi waliupima mfereji kando ya mlima kwa uangalifu, ukapata mteremko mdogo sana wa kuelekea kaskazini. Hapakuwa na uganga, ni hesabu. Ile hesabu tunayofundishana jioni chini ya taa.

Jioni tulishuka kusini kando ya mto Kamo. Pedeli zilikuwa nyepesi. Wazee walikuwa wakitembea, watoto wakirukaruka juu ya mawe ya kuvukia mto. Tulirudisha baiskeli kabla duka halijafungwa.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu wanakisomo, mji hausomwi kwa majumba yake ya dhahabu tu. Kyoto unalo jumba lililofunikwa dhahabu, na kila mgeni hulipiga picha. Lakini jumba lile halikuuokoa mji wakati wa dhiki. Mji uliokolewa na shule, na maji, na watu waliokubali kuchanga wakati ambapo mifuko ilikuwa mitupu. Haba na haba hujaza kibaba.

Na hapa kwetu pia yapo majengo yaliyoinuliwa kwa michango na nguvu zetu: madarasa, zahanati, visima. Nani anayakumbuka majina ya waliochota maji na kubeba mawe? Pandeni baiskeli zenu, mwende mkawaulize wazee wangali hai. Kisha mwandike. Sasa kuandika mnajua.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini watu wa Kyoto walifungua shule wakati mji wao ulipokuwa katika dhiki?
2. Shule iliyojengwa kwa michango ikikosa watoto, nani aamue itumiweje?
3. Andikeni majina ya watu watano waliojenga shule au kisima cha kwanza katika kijiji chenu.